Kurambaza Wolai Usiku Kwenye Mkondo Mkali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara (Mto Detroit na Mto St. Clair)

Majibu haya yameandikwa kwa Waswahili wa Michigan na Ontario, na kwa wageni wanaokuja kutembelea ndugu wakakuta kila jirani ana boti uani. Yanahusu jambo moja tu: kuvuta chambo nyuma ya boti usiku, ukipanda mto, ukimtafuta wolai. Kuvua mchana, kuvua ziwani na kuvua juu ya barafu kuna watu wake. Vipimo nimeviacha kwa futi, maili, ratili na wakia, maana ndivyo utakavyovikuta dukani na kwenye kioo cha boti.

Wolai ni samaki gani?

Ni Sander vitreus, samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini. Wakanada wanaosema Kifaransa humwita doré. Mwili wake ni mrefu, ubavu wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kahawia, tumbo jeupe, na ncha ya chini ya mkia ni nyeupe pia. Ana meno, tena makali. Watu wa Mwanza wakimwona hudai ni sangara mwembamba, na wa Kigoma humtaja mgebuka. Wote hao wawili ni wa ukoo mwingine, ila nyama yake haitawashangaza: nyeupe, inayoshikana, isiyo na shombo kali.

Wengi utakaowapata ni wa ratili 2 hadi 4. Majira ya kuchipua majike makubwa hupanda kutoka Ziwa Erie kwenda kutaga, na hapo ndipo watu hupata wa ratili 8 na zaidi.

Kwa nini usiku? Mchana hawali?

Wanakula. Lakini jicho la wolai limeumbwa kwa ajili ya giza. Nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo sababu ukimmulika kwa kurunzi macho yanawaka kama ya paka. Jua likizama, samaki wadogo anaowawinda wanapungukiwa na uwezo wa kuona huku yeye akiendelea kuona vizuri. Anayejua hilo haoni haja ya kuhangaika saa nane mchana.

Kuna sababu nyingine ambayo wazee wa hapa huisimulia kwa kunung'unika. Mwaka 1988 kome wadogo wenye mistari kama punda milia, waliotoka upande wa Ulaya Mashariki, waligunduliwa Ziwa St. Clair. Meli ziliwaleta ndani ya maji ya kusawazishia uzito. Kome hao huchuja maji mchana na usiku, na maji ya ziwa na mito yake yakawa maangavu kuliko zamani. Maji maangavu humsukuma wolai kwenye kina wakati wa jua, na chakula chake anakihamishia gizani.

Kuna pingamizi moja. Upepo ukiwa umevuruga Ziwa St. Clair na mto ukashuka na tope, usiku hauna faida yoyote. Hapo samaki haoni kitu usiku, na mchana ndio unakuwa bora. Kabla ya kuvuta boti mpaka mtoni, angalia rangi ya maji, au mpigie simu mtu anayeishi karibu nayo.

Kwetu dagaa huvuliwa kwa taa. Nibebe taa kubwa?

Hapana. Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria taa inaita wadudu na vijidudu vya majini, dagaa wanakuja, wavu unainuliwa. Hapa unamfuata samaki anayekaa chini, futi 15 hadi 40, na kuyamulika maji hakukusaidii kitu. Kunakupofusha wewe mwenyewe: ukishaangalia mwanga mkali, macho yanachukua dakika nyingi kuizoea giza tena, na katika dakika hizo huoni boya wala gogo linaloelea. Vaa taa ndogo ya kichwani yenye mwanga mwekundu, iwashe unapofungua ndoana, kisha izime. Taa za boti zinazotakiwa na sheria, hizo ni habari nyingine, haziguswi, nazieleza chini.

Mkondo una kasi gani?

Mto Detroit unatoka Ziwa St. Clair hadi Ziwa Erie, kama maili 28, na unapitisha wastani wa zaidi ya mita za ujazo 5,000 kila sekunde. Usidanganywe na jinsi unavyoonekana umetulia pale mjini. Sehemu nyingi maji yanakwenda karibu maili 2 kwa saa. Mto St. Clair, unaoshuka kutoka Ziwa Huron, unaanza kwa kasi kubwa zaidi: chini ya daraja la Blue Water, kati ya Port Huron na Sarnia, maji yanabubujika na kuzunguka, na si mahali pa kujifunzia. Ukishuka hadi Marine City na Algonac unakuta mkondo unaovumilika.

Hapa hakuna kupwa na kujaa, lakini upepo unaweza kufanya kazi inayofanana na hiyo. Upepo mkali wa magharibi ukisukuma maji ya Ziwa Erie kuelekea Buffalo, upande wa magharibi wa ziwa hilo unapungua na Mto Detroit unakimbia zaidi. Upepo wa mashariki hurudisha maji, na mto unazubaa. Tena mto unakwenda kusini, kwa hiyo upepo wa kusini unapingana na mkondo na kuinua mawimbi mafupi yenye hasira. Boti ya futi 16 usiku wa namna hiyo ibaki nyumbani.

Kwa nini lazima kupanda mto? Si rahisi kushuka nao?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilielewa, mengine yote ni kujazia.

Chukua mkondo wa maili 2 kwa saa. Unapanda mto na kioo cha GPS kinaonyesha maili 1. Chambo hakijui habari za kioo. Kinachokigusa ni maji, na maji yanakipita kwa maili 3. Hiyo inatosha kukifanya kitikisike sawasawa. Lakini juu ya sakafu ya mto unasogea kwa maili 1 tu, kwa hiyo chubwi inagusa, inainuka, inagusa tena bila kukwama. Na wolai, ambaye hukaa kichwa kimeelekea kule maji yanakotoka, anakiona chambo kikimpita taratibu. Ana muda wa kuamua.

Sasa geuza omo ielekee chini ya mto. Ili chambo kipate zile maili 3 za maji, boti inabidi iende maili 5 juu ya sakafu. Chubwi inarukaruka juu ya mawe, waya unapaa, na chambo kinamtokea samaki kwa nyuma na kumpita kabla hajageuza kichwa. Ukipunguza mwendo ili chubwi itulie, chambo kinakufa na kufuata maji kama jani. Hakuna mwendo wa katikati unaoponya yote mawili.

Kwa hiyo unavua unapopanda, na kushuka ni safari tu. Ukifika mwisho wa sehemu yako, pandisha kila kitu, shuka pembeni kwa utulivu bila kuwapitia wenzako, anza tena.

Wanaoanza husahau jambo jingine: maji ya chini kabisa yanakwenda polepole kuliko ya juu, kwa sababu yanasugua mawe na mchanga. Wolai anakaa pale kwa sababu hiyo hiyo, hataki kuchoka bure. Ndiyo maana chambo cha futi 2 juu ya sakafu na chambo cha futi 6 juu yake ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama vinatoka boti moja. Mashine yako isikutie kiburi. Kazi kubwa inafanywa na mkondo, wewe unaushinda kidogo tu.

Vifaa gani vinatumika?

Mbinu ya asili ya mito hii miwili ni mshipi wa mkono wa waya. Hakuna fimbo. Pembeni mwa boti unafungwa rili wenye springi ndani, ambao kila wakati unavuta waya urudi. Rili za kwanza watu walizitengeneza kwa springi za gramafoni za kuzungusha kwa mkono, na wapo wanaozitunza mpaka leo kama mali ya urithi.

Waya ni wa kusukwa, umefunikwa kwa plastiki, wa kubeba ratili 60 hivi. Mwishoni mwake kuna kijiti cha waya mgumu chenye urefu wa futi 2 au 3, na chini ya kijiti chubwi ya ratili 1 hadi 1 na nusu. Kwenye kijiti kuna vishikizo vya kufungia matawi ya mshipi wa kawaida wa nailoni, kwa kawaida mawili, kila moja na chambo chake. Matawi yapishane urefu, mfano futi 15 na futi 30. Yakilingana yatasokotana, na kufumua msokoto wa ndoana za pembe tatu gizani ni adhabu.

Mashine ndogo ya nguvu za farasi 8 hadi 10, ya kushikwa kwa mkono, ni bora kuliko ile kubwa. Mkono mmoja uko kwenye sukani na mwingine unashika waya. Ukiwa na mwenzako, kila mmoja achukue upande wake. Mashine kubwa za siku hizi haziwezi kwenda polepole kiasi hicho bila kukohoa.

Sina rili ya springi. Naweza kutumia fimbo?

Unaweza. Tumia fimbo fupi ngumu na mshipi wa kusukwa usionyumbuka. Funga kiungo cha matundu matatu: tundu la kwanza mshipi mkuu, la pili kipande cha futi 1 na nusu chenye chubwi ya wakia 4 hadi 8 kulingana na mkondo, la tatu tawi la futi 6 hivi lenye chambo kinachoelea. Kanuni ni zile zile. Utakachokosa ni ule uwezo wa waya kukuambia kila kitu kwenye kidole, na samaki ambao mwenzako wa waya anawapata wakati wewe unasema hapana kitu.

Nitajuaje kama chambo kiko mahali pake?

Kwa mkono. Teremsha chubwi hadi iguse. Acha waya ulale nyuma kwa pembe ya nusu ya wima na ulalo, nyuzi 45. Katika maji ya futi 20 utakuwa umetoa waya kama futi 28. Ukilala zaidi ya hapo, aidha unakwenda mbio au chubwi ni nyepesi. Ukisimama wima, ongeza mashine kidogo.

Sasa shika waya kwa vidole viwili, uvute mbele taratibu kiasi cha mkono mmoja, uurudishe nyuma mpaka usikie chubwi imegonga. Vuta, rudisha, gonga. Juu ya mchanga mgongano ni mzito na hauna sauti. Juu ya changarawe unasikia mikwaruzo. Kwenye udongo wa mfinyanzi chubwi inanata kidogo kabla ya kutoka, na ukizoea utajua unapita wapi bila kutazama kioo. Kati ya mgongano mmoja na mwingine kuna mtetemo mwembamba usiokatika: hicho ni chambo kinaogelea.

Mtetemo ukikatika, usingoje. Jani limenasa. Majira ya joto majani ya ziwani yaliyokatwa na mapanga ya boti yanaelea kwa wingi, na chambo chenye jani hata moja kwenye ndoana hakikamati chochote. Pandisha, safisha, rudisha. Wavuvi wavivu wa kusafisha ndio wanaosema usiku huu samaki hawali. Faida mojawapo ya saa sita usiku ni kwamba boti za starehe zimelala na majani yamepungua.

Wolai akishika, mara nyingi hapigi. Waya unakuwa mzito tu, kama umeokota kitambaa kilicholowa, kisha kile kitambaa kinatikisa kichwa.

Chambo gani?

Samaki bandia mwembamba anayeelea. Rapala ya asili, namba 11 au 13, imevua wolai wengi kwenye mito hii kuliko ninavyoweza kukadiria. Kinachoelea ni bora kwa sababu boti ikipunguza mwendo kinapanda badala ya kuingia kwenye mawe. Rangi? Watu wamegombana juu ya rangi tangu kabla hatujahamia. Anza na fedha na nyeusi, weka ya machungwa kwenye tawi la pili, na uelekeze akili yako kwenye chubwi.

Samaki ameshika. Nafanya nini na waya wote huu?

Usisimamishe mashine. Ukisimama mkondo unakurudisha nyuma, waya unalegea, na tawi la pili linaingia kwenye panga. Endelea kupanda polepole. Acha springi ikusaidie kukusanya waya huku unavuta kwa mkono, mpaka kijiti kifike kwenye maji kando ya boti. Kiweke juu, kisha chukua tawi lenye samaki na ulivute mkono kwa mkono, ukiliangusha ndani ya ndoo au sakafuni mahali pasipo na miguu. Mwenzako aweke wavu majini kabla, na samaki aingie kichwa kwanza.

Usimshike kwenye mashavu. Kifuniko cha shavu lake kina ukingo unaokata, na mgongoni kuna miiba. Shika kwa nyuma ya kichwa na glavu. Waya nao unakata: vaa kidole cha mpira au zungushia plasta kabla ya kuanza, si baada ya damu.

Akiingia samaki mkubwa wa kale mwenye magamba ya mfupa mgongoni na mdomo chini, huyo ni steja wa ziwani. Analindwa. Usimpandishe, kata tawi karibu na mdomo, aende zake.

Wapi na lini?

Mto Detroit: mwisho wa Machi hadi Mei, wakati wa kutaga na baada yake. Mto St. Clair: kuanzia Mei, majira yote ya joto hadi vuli. Hiyo ndiyo ramani fupi.

Kwa anayeanza napendekeza Mkondo wa Trenton, ule unaopita magharibi ya kisiwa cha Grosse Ile. Mpaka wa nchi uko upande wa pili wa kisiwa, na njia kuu ya meli kubwa pia iko huko. Bustani ya Elizabeth mjini Trenton ina mahali pa kuteremshia boti. Pita mchana kwanza, uyaone mawe, madaraja na vivuli vyake, uweke alama kwenye GPS, kisha urudi jioni. Kuuona mto kwa mara ya kwanza usiku ni ujinga, hata kama umezaliwa kwenye ngalawa.

Tafuta ukingo ambapo kina kirefu kinapanda kuwa kifupi, mfano futi 25 hadi 18, na ufuate mstari huo. Nyuma ya visiwa, penye mkutano wa maji yaendayo kasi na yaliyotulia, pasiachwe.

Meli kubwa zinapita usiku pia?

Zinapita saa zote. Meli za Maziwa Makuu zinabeba madini ya chuma, mawe ya chokaa na nafaka, na kubwa zake zina urefu wa futi 1,000. Haziwezi kusimama kwa ajili yako na haziwezi kukwepa. Sheria ya majini iko wazi: chombo kidogo kisizuie meli ndani ya njia nyembamba. Hata kama ungekuwa na haki, ungekuwa na haki chini ya maji.

Jifunze kusoma taa zake. Utaona taa mbili nyeupe juu, ya mbele chini kidogo, ya nyuma juu zaidi. Zikiwa zimeachana, meli inakuonyesha ubavu. Zinavyozidi kusogeleana, inageuka kuja kwako. Zikisimama moja juu ya nyingine, nawe unaona nyekundu na kijani kwa pamoja, meli inakuja moja kwa moja kwako. Pandisha waya na uondoke kwa kukata pembeni, nje ya maboya. Usishindane nayo kwa kupanda. Honi fupi tano maana yake nahodha haelewi unafanya nini, au anaelewa na hapendi.

Usiku mjini taa za meli hupotea kwenye taa za viwanda na barabara. Kitu kinachokusaidia ni kutazama taa za ng'ambo: zikianza kuzimika moja baada ya nyingine, kuna kitu kirefu cheusi kinapita mbele yake. Programu za simu zinazoonyesha meli kwa ishara ya AIS, kama MarineTraffic, zinafaa sana, na redio ya VHF iwe imewashwa chaneli ya 16.

Unapopanda mto, maboya mekundu yanakuwa mkono wa kulia na ya kijani kushoto. Kusini mwa mto njia inagawanyika: meli zinazoshuka hutumia Mkondo wa Livingstone, zinazopanda hutumia Mkondo wa Amherstburg. Ni vizuri kujua zitatokea upande gani. Na ukiwa karibu na ukingo, meli inapopita maji yanavutwa kwanza kuelekea kwake, kisha yanarudi kwa nguvu. Boti iliyoegemea mawe hupigwa hapo.

Boti yangu iwe na nini?

Kutoka machweo hadi macheo: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe inayoonekana pande zote. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na mvae, msilikalie. Michigan inamtaka mtoto chini ya miaka 6 alivae wakati wote akiwa nje kwenye boti ndogo. Mwendeshaji aliyezaliwa baada ya 30 Juni 1996 lazima awe na cheti cha usalama wa boti.

Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi au mguuni mwa anayeendesha. Aprili maji yana baridi inayokukata pumzi mara unapoanguka, mikono inakufa ganzi kabla hujajua la kufanya, na mkondo umeshakuchukua. Mashine ikizima, tupa nanga kutoka omo ukiwa nje ya njia ya meli. Kamwe usifunge nanga kwenye tezi katika mkondo; maji yatapanda juu ya tezi na boti itajaa kwa sekunde.

Leseni na mpaka?

Michigan inataka leseni kwa kila mwenye miaka 17 na zaidi, na huisha 31 Machi. Ontario ina yake. Mpaka unapita majini, hauna uzio, na ukivua upande wa Kanada unahitaji leseni ya Ontario na unafuata kanuni za Ontario. Idadi ya samaki, urefu wao na idadi ya mishipi hupangwa upya, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka huo kabla ya kutoka, si tulichosikia kwa shemeji.

Kwa ndugu ambao karatasi zao bado zinashughulikiwa, hili nalisema kwa uzito. Boti za doria za mpakani ziko mtoni usiku na zinasimamisha watu. Beba kitambulisho chako cha uhamiaji kwenye mfuko usioingia maji, washa ramani yenye mstari wa mpaka, na vua mahali ambapo mstari huo uko mbali, kama Trenton. Mwenye kesi isiyomalizika asivuke hata kwa dakika tano kabla ya kuongea na wakili wake. Wolai wa upande huu na wa upande ule ni walewale.

Samaki hawa wanalika? Nasikia mto ni mchafu.

Wanalika, kwa kiasi. Mto Detroit ulitiwa taka za viwanda kwa zaidi ya miaka mia, na tangu miaka ya 1980 Marekani na Kanada zimeuorodhesha kati ya maeneo ya Maziwa Makuu yanayohitaji kusafishwa. Idara ya afya ya Michigan inatoa mwongozo wa bure unaoeleza samaki gani, wa mto gani, wa ukubwa gani, mara ngapi kwa mwezi.

Kemikali za PCB hujikusanya kwenye mafuta, kwa hiyo ondoa ngozi, mafuta ya tumbo na ya mgongo, na uchome au uoke ili mafuta yadondoke. Zebaki iko ndani ya nyama yenyewe na haiondoki kwa kisu wala moto. Samaki mkubwa na mzee ana zebaki nyingi kuliko mdogo. Hivyo wa kula ni wa inchi 15 hadi 20, na jike kubwa lenye mayai rudisha. Hapo afya na mto vinakubaliana. Wajawazito na watoto wafuate mwongozo kwa makini zaidi.

Ukipenda kukaanga, pasua samaki kwa mgongo, toa mifupa, minofu ipate chumvi, ndimu na pilipili manga, ipite kwenye unga mkavu na mafuta ya moto dakika chache. Ugali na mchicha pembeni. Wanaoikaanga kwa donge zito la unga na bia tuwaache na mila zao.

Naweza kutumia mbinu hii nyumbani?

Kurambaza kwenyewe kunajulikana pwani yote. Wavuvi wa Pemba, Mafia na Watamu wanavuta chambo kumtafuta nguru na jodari tangu enzi za matanga. Kanuni ya mkondo nayo inafanya kazi popote: chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, watu huwavua sangara wakubwa kwa samaki bandia kwenye mto wenye nguvu. Lakini pale fanya mchana, na mwenyeji. Usiku mto una viboko na mamba, na wao hawasomi taa za boti.

Sina boti kabisa.

Usisubiri boti. Ukuta wa mto mjini Port Huron, kando ya Mto St. Clair, una nafasi ya kusimama, na wolai husogea karibu na ukuta giza likiingia. Tupa samaki bandia mwembamba kuelekea juu ya mto, acha mkondo ukishushe huku unakusanya polepole, na kikifika mbele yako kiachie kigeuke chenyewe kabla hujakipandisha. Wengi hushika pale kinapogeuka. Vaa viatu visivyoteleza na chukua wavu wenye mpini mrefu sana, kwa sababu kutoka juu ya ukuta hadi majini ni mbali kuliko unavyodhani.